Jina ni la mwenye gari, nambari ni ya umma

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Moi South Lake inayopita Karagita, nje kidogo ya mji wa Naivasha, huwa imeamka zamani. Mabasi ya mashamba ya maua husimama kando kuchukua wafanyakazi, matatu za kwenda mjini huita abiria, na pikipiki za bodaboda hupenya katikati ya watembea kwa miguu, mikokoteni ya punda iliyobeba mitungi ya maji na kina mama wanaouza chai na mandazi. Mwenye kupenda kusoma hahitaji kununua gazeti hapo. Kila chombo kinachopita kina maandishi yake.

Matatu moja imeandikwa sifa za Mungu kwenye kioo cha nyuma, nyingine imebeba jina la mchezaji kandanda wa Ulaya. Kwenye raba ya kuzuia matope ya bodaboda utasoma maneno kama "Baba Shiru", "Mungu Mbele" au "Wivu ni Kidonda". Hata mkokoteni wa punda haukosi neno lililochorwa kwa rangi ya mabati. Chini ya hayo yote, au pembeni yake, kuna kibao kidogo chenye herufi na tarakimu ambazo mwenye chombo hakuzichagua: nambari ya usajili.

Kwa wengi wetu, mambo haya mawili hukaa mbalimbali. Jina ni la mwenyewe, nambari ni ya serikali. Lakini wako watu wenye uwezo ambao wameamua kuyaunganisha, wakalipa ili kile kibao cha serikali kibebe jina lao, la biashara yao au herufi wanazozipenda. Je, jambo hili linamhusu nini mkazi wa Karagita, Nakuru mjini au Nairobi ambaye hata baiskeli hana? Linamhusu sana, kama tutakavyoona.

Milioni moja kwa herufi chache

Nchini Kenya, kazi ya kusajili magari ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mtu anayetaka kibao chenye maneno yake mwenyewe hutakiwa kulipa Sh1 milioni. Hiyo ni ada ya kibao tu. Bei ya gari, bima na mafuta ni mambo mengine.

Tuipime milioni hiyo kwa kipimo cha mtaani. Kwa mtu anayepokea Sh15,000 kwa mwezi, Sh1 milioni ni mshahara wa miezi 67, yaani zaidi ya miaka mitano na nusu bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba na bila kupeleka mtoto shuleni. Kwa mwendeshaji wa bodaboda, pesa hizo zingemnunulia pikipiki mpya zipatazo tano. Si ajabu basi kwamba vibao vya aina hiyo haviegeshwi kila siku mbele ya vibanda vya Karagita. Huonekana zaidi vikipita, hasa wakati wa Safari Rally, mashindano yaliyorudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, na ambayo yamefanyika katika eneo hili la Naivasha. Siku hizo magari ya kifahari kutoka Nairobi humiminika kwenye barabara za ziwani, na watoto husimama kando kuyatazama.

Sisi wengine hupewa nambari kwa zamu. Utaratibu tunaoufahamu sasa, wa herufi tatu, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho, ulianza mwaka 1989 kwa KAA 001A. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakukosa cha kuchekea hapo, maana gari la kusafiria lilipewa neno linalosema "kaa". Kaa ni kuketi, kaa ni mnyama wa pwani anayetembea upande, na kaa ni kipande cha moto kilichobaki jikoni.

Herufi I na O hazitumiki katika nambari hizo kwa sababu hufanana na moja na sufuri. Zinabaki herufi 24. Kila kundi la herufi tatu za mwanzo, kwa mfano KAB, linaweza basi kutoa nambari 999 mara 24, yaani magari 23,976. Ukizidisha tena kwa makundi 24 ya herufi ya tatu, mfululizo mzima ulioanza na KA ungeweza kubeba magari zaidi ya nusu milioni.

Hapa ndipo nambari huanza kutusimulia habari za nchi. Mfululizo wa KA ulidumu miaka 18, hadi KBA ilipoanza mwaka 2007. KB ikamalizika katika miaka saba, KCA ikaingia mwaka 2014. KC nayo ikaisha katika miaka sita, na mwaka 2020 tukaiona KDA. Magari yalikuwa yakiongezeka kwa kasi mno hata idadi iliyochukua miaka 18 kusajiliwa ikaja kusajiliwa katika theluthi ya muda huo. Anayelalamika juu ya msongamano wa magari anaweza kuusoma kwenye vibao.

Watu wa mtaani wamejifunza kusoma zaidi ya hayo. Mtu akinunua gari, swali la kwanza la majirani si rangi wala aina, bali "Ni C au ni D?" Herufi ya pili imekuwa cheti cha kuzaliwa cha gari, na anayeendesha la D humtazama wa A kwa jicho la huruma, hata kama gari lake la D lilikuwa limekwisha kuzeeka Japan kabla ya kupakiwa melini. Kwa hiyo fahari ya nambari haiko kwa matajiri tu. Imetuingia sote, ila kila mmoja kwa kiasi cha mfuko wake.

Majirani, Waarabu na Waingereza

Wakenya hawako peke yao. Tanzania ina utaratibu wake wa namba binafsi, na bajeti ya mwaka wa fedha wa 2016/17 ilipandisha ada kutoka Sh5 milioni hadi Sh10 milioni za nchi hiyo kwa kila miaka mitatu. Maana yake ni kwamba Mtanzania hanunui jina moja kwa moja, bali hulikodisha. Uganda nayo imekuwa ikitoza Sh20 milioni za kwao kwa kibao cha aina hiyo.

Vijana wengi waliotoka mitaa ya Kenya na kwenda nchi za Ghuba kutafuta kazi za udereva na za nyumbani wameyaona makubwa zaidi. Huko, kinachotafutwa si jina bali uchache wa tarakimu. Kadiri nambari inavyokuwa fupi ndivyo mwenye gari anavyoheshimiwa. Mwaka 2008 mjini Abu Dhabi, kibao chenye tarakimu moja tu, 1, kiliuzwa kwa dirham milioni 52.2. Rekodi hiyo ilikaa miaka 15. Aprili 2023, mjini Dubai, kibao cha P 7 kilinunuliwa kwa dirham milioni 55, sawa na takriban Dola milioni 15 za Marekani, au kama Sh2 bilioni za Kenya kwa thamani ya wakati huo. Tuseme pia la haki: mnada huo wa Dubai ulikuwa wa hisani, na fedha zake zilikwenda katika mpango wa kulisha wenye njaa. Fahari ya mtu mmoja iligeuka sahani za chakula kwa wengi.

Uingereza, tulikoiga mengi ya sheria zetu za barabarani, ilianza kulazimisha magari kuwa na nambari Januari 1, 1904. Hadi leo inasimuliwa kwamba bwana mmoja wa ukoo mkubwa, Earl Russell, alikesha nje ya ofisi za jiji la London ili apate kibao cha A 1. Gari lilikuwa kitu kigeni, barabara zilijaa farasi, na tayari kulikuwa na mtu asiyelala kwa sababu ya nambari. Tangu mwaka 1989 serikali ya huko imekuwa ikiuza yenyewe nambari zenye mvuto, na mwaka 2014 moja yao, 25 O, ilinunuliwa kwa Pauni 518,000 na mtu aliyetaka isomeke kama 250, jina la gari lake aina ya Ferrari.

Lakini kisa cha kuchekesha kuliko vyote kinatoka Marekani. Mwaka 1979, mkazi mmoja wa Los Angeles alijaza fomu ya kuomba kibao cha jina. Alikuwa mpenzi wa mashua, kwa hiyo akaandika maneno mawili ya Kiingereza yanayohusu mashua na tanga. Fomu ilitaka chaguo la tatu. Kwa kuwa hakuwa nalo, akaandika kwamba asipopata mawili hayo basi hataki kibao, kwa maneno NO PLATE. Ofisi ikamtengenezea kibao kinachosema hivyo hivyo: NO PLATE. Kumbe askari wa huko walipokuta gari bovu lililotelekezwa bila nambari, waliandika maneno hayo hayo kwenye karatasi ya faini. Kompyuta ikakusanya faini zote hizo na kumpelekea yeye. Alipokea barua zipatazo 2,500.

Tunaweza kucheka, lakini kisa hicho kina funzo. Kibao cha nambari kina kazi moja kubwa, nayo ni kuonyesha bila shaka chombo ni kipi na mwenyewe ni nani. Maandishi yoyote yanayoivuruga kazi hiyo, hata yakiwa ya mzaha, mtu mmoja mahali fulani atakuja kuyalipia.

Kutoka kipande hadi manamba

Kabla hatujawalaumu wanaotaka majina, tukumbuke kwamba katika nchi yetu nambari ilimvaa mtu kabla ya kulivaa gari. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Ilikuwa karatasi yenye nambari yake, alama za vidole na habari za waajiri wake, iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Bonde la Ufa, lililojaa mashamba ya walowezi, lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokionja sana kipande hicho. Mtu aliyetoroka kwa mwajiri mbaya alisakwa kwa nambari.

Tanganyika nako, vibarua waliosajiliwa kwenda kukata mkonge waliitwa "manamba", kwa kuwa kambini walijulikana kwa nambari. Neno hilo lilivuka mipaka na miaka, na kwetu Kenya likawa jina la yule kijana anayening'inia kwenye mlango wa matatu akiita abiria. Ni wachache wanaolitamka leo wakikumbuka jasho lililo ndani yake.

Hata sasa hatujaepukana na jambo hilo. Mfanyakazi huwa na nambari ya kazi, mwanafunzi ana nambari ya mtihani, mgonjwa ana nambari ya foleni. Vibao vya magari vyenyewe hutengenezwa katika Gereza la Kamiti. Kwa hiyo, kabla ya kufika kwenye gari la mwenye fahari, kibao kimepita mikononi mwa watu ambao huko ndani nambari ni sehemu ya maisha yao. Mtu aliyeshinda kutwa nzima akiwa nambari, jioni akipata chombo chake mwenyewe, cha halali, atataka kukiandika jina. Si majivuno matupu. Ni kusema: mimi pia ni mtu, nina mama aliyenizaa na mtoto anayeniita baba.

Fahari ya wasio na milioni

Ndiyo maana maandishi ya bodaboda na matatu za Karagita yanastahili kusomwa kwa heshima. Ni vibao vya majina vya watu wasio na milioni. Mchoraji wa mtaani, mwenye kopo la rangi na brashi, au mwenye mashine ya kukata stika, humfanyia mteja kwa pesa kidogo jambo ambalo mwingine amelilipia Sh1 milioni. "Baba Shiru" ni baba anayetangaza binti yake. "Mungu Mbele" ni sala ya mtu anayejua hatari za lami. "Wivu ni Kidonda" ni ujumbe kwa jirani ambaye pengine anajijua.

Wapwani wataitambua desturi hii mara moja, maana ndiyo ya kanga. Kanga bila jina haijakamilika, na mwanamke hulichagua jina lake akijua nani atalisoma akiwa amempa mgongo. Matatu na bodaboda nazo zimejifunza kusema kwa mgongo.

Serikali haijawa na msimamo mmoja kuhusu fahari hiyo. Sheria zilizoitwa kwa jina la waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na michoro mingi ya matatu ikafutwa. Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea vijana wanaochora matatu na kutaka wasisumbuliwe. Novemba 2018 msako mkali ukarejea, na wenye magari wakaanza tena kununua rangi ya kufunika rangi. Hata hivyo, katika vuta nikuvute hiyo yote, jambo moja halikuwahi kubishaniwa: mchoro unaweza kuwepo au usiwepo, lakini nambari ya usajili lazima ionekane.

Nambari iliyokunjwa

Hapo ndipo penye kidonda, na si kwa matajiri wenye vibao vya majina. Wao angalau wamelipa, na jina lao limo katika rekodi za NTSA. Ukiligongwa gari na mtu kama huyo, jina lake utalikumbuka hata ukiwa umelala hospitalini. Kidonda kiko kwa yule anayetaka kupita bila kujulikana kabisa.

Tazama bodaboda kumi zikipita, uhesabu ni ngapi ambazo nambari yake unaweza kuisoma ukiwa umbali wa hatua ishirini. Moja kibao chake kimekunjwa kikatazama juu mbinguni. Nyingine kimefunikwa na raba ya kuzuia matope, ile ile yenye maneno matamu. Ya tatu kimepakwa matope ambayo hayakuwa na mvua ya kuyaleta. Ya nne herufi ya mwisho imekwanguliwa. Pikipiki huwa na kibao kimoja tu, cha nyuma. Kikifichwa hicho, hakuna cha pili.

Bodaboda imeleta riziki na usafiri kwa mamilioni. Ilianzia kwenye baiskeli za mpaka wa Kenya na Uganda, na ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka 2008 ikaenea kila kijiji. Mwanamke anayetoka kazini usiku katika shamba la maua, matatu zikiwa zimekwisha, hana njia nyingine ya kufika kwake Karagita. Mtoto wa chekechea hupakiwa pamoja na wenzake wawili na kupelekwa shule. Wengi wa waendeshaji ni watu waaminifu, vijana wa nyumbani tunaowajua kwa majina ya mama zao. Lakini mwovu mmoja anapojificha kati yao, hujificha nyuma ya kibao kilichokunjwa.

Machi 2022, Wakenya waliona kwenye simu zao picha za kuhuzunisha za mwanamke dereva akivamiwa na kundi la waendeshaji bodaboda katika barabara ya Profesa Wangari Maathai, Nairobi. Rais Kenyatta aliamuru msako na usajili mpya wa wahudumu hao nchini kote. Wengi waaminifu waliumia kwa makosa ya wachache, pikipiki zikanaswa, siku za kazi zikapotea. Pale ambapo mkosaji hatambuliki, adhabu humwangukia kila anayefanana naye. Mwendeshaji mwaminifu ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kudai kila kibao kisomeke.

Mwaka huo huo wa 2022, mwezi Agosti, serikali ilizindua vibao vya kizazi kipya vyenye alama za usalama zilizo ngumu kuigwa, kwa bei ya Sh3,000. Shabaha ilikuwa kukomesha magari mawili kutembea na nambari moja, hila ambayo wezi wa magari na wahalifu wengine wameitumia miaka mingi. Kuhusu kuficha kibao, sheria haikunyamaza. Orodha ya faini za papo hapo iliyotangazwa mwaka 2016 iliweka Sh10,000 kwa anayeendesha chombo kisicho na kibao au ambacho kibao chake hakikufungwa inavyotakiwa. Pesa hizo zinatosha kuchora jina la mke, la watoto wote na la mama mkwe.

Yanayoweza kufanywa nyumbani

Msomaji atauliza, sasa mimi mzazi au mwanafunzi nifanye nini? Si lazima kungoja polisi. Yako mambo yasiyogharimu hata senti.

Kwanza, tufanye kusoma nambari kuwa desturi ya nyumba, kama kunawa mikono. Mtoto au dada wa nyumbani akipanda bodaboda, anayebaki aisome nambari kwa sauti, kisha aiandike kwenye simu. Mwanafunzi anayerudi bweni usiku amtumie mwenzake kabla ya kuondoka. Mwendeshaji mwema hatakasirika. Mama akimwambia, "Kijana wangu, kibao chako kimejikunja, kinyooshe kwanza mtoto apande," kijana wa heshima atajibu, "Sawa, mathe," na kukinyoosha. Anayefoka, mwacheni aende.

Pili, tuwafundishe watoto namna ya kuikumbuka. Pikipiki huanza na KM, zikafuata herufi mbili, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho. Herufi hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau, na bila hiyo polisi wanabaki na orodha ya pikipiki 24 zinazofanana. Na kwa kuwa herufi O haitumiki, duara lolote utakaloliona ni sufuri. Huu unaweza kuwa mchezo mzuri wa safarini. Mtoto mmoja asome, mwingine akariri, wa tatu aseme gari hilo lilisajiliwa katika mfululizo gani. Watajifunza hesabu, herufi na uangalifu kwa pamoja.

Tatu, anayenunua gari au pikipiki iliyotumika asiridhike na kibao. Kibao hufungwa kwa skrubu, na skrubu hufunguliwa. Atafute rekodi ya chombo hicho katika huduma za NTSA mtandaoni, kisha alinganishe nambari ya fremu na ya injini na zile zilizomo katika kitabu cha umiliki. Zisipolingana, aondoke, hata kama bei ni ya kutupa.

Nne, likitokea jambo baya, nambari ipelekwe polisi mara moja, kwa simu ya 999 au 112, au katika kituo kilicho karibu. Isisambazwe tu kwenye vikundi vya simu ambako umati unaweza kumhukumu mtu asiyehusika, pengine mwenye nambari inayofanana na ya mkosaji kwa herufi zote isipokuwa moja.

Kwa ndugu zetu wa bodaboda na matatu tunasema hivi: andikeni majina yenu. Andikeni ya watoto wenu, ya timu zenu na ya Mwenyezi Mungu, yang'ae kwenye tangi, kwenye kioo na kwenye raba, maana chombo ni jasho lenu. Mwenye milioni yake naye, akipenda kuitumia kwa herufi saba, hatumkatazi. Lakini kile kibao cha manjano cha nyuma kiacheni kinyooke. Hakikuwekwa kwa ajili ya mwenye chombo, ambaye halioni gari lake kwa nyuma akiwa anaendesha. Kiliwekwa kwa ajili ya yule anayebaki barabarani baada ya chombo kupita, kwa yule mama aliyepakia mtoto wake asubuhi na anayetaka amwone tena jioni.